Ulitoka Mweusi Tii Kwenye Picha ya Mahafali? Kosa Halikuwa Lako

Leo tunaweka pembeni stori za nani kaachana na nani, hizo zipo na kesho zitakuwepo. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni na ni wachache sana waliowahi kufundishwa kukitumia. Kamera.

Nianze na picha moja. Mahafali ya kidato cha nne, mwaka 2005, shule ya bweni ambayo jina nalihifadhi. Tumepangwa mistari mitatu mbele ya bwalo, saa saba mchana, jua la utosi, mashati meupe yamepigwa pasi mpaka yanakata. Mpiga picha kaja na kamera ya mkanda, kapiga tatu tu kwa sababu mkanda ni hela, kaondoka. Wiki mbili baadaye picha zikarudi zimesafishwa na bweni zima likalala chini kwa kicheko. Mshikaji wangu mmoja alikuwa kasimama mstari wa kati. Shati lilikuwepo. Meno yalikuwepo. Yeye mwenyewe hakuwepo. Kuanzia siku ile mpaka tunaondoka shule akaitwa Shati.

Alicheka na yeye, angefanyaje? Ila nakala hakununua. Miaka mingi baadaye ndo akaniambia kwamba alienda nayo nyumbani ile ya kuazima, mama yake akaishika, akaitazama wee, halafu akauliza, "Sasa wewe mwanangu uko wapi hapa?"

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo lilikuwa rangi ya Shati. Yaani ni mweusi, picha imemtoa mweusi, basi. Siyo kweli, na njia iliyonifikisha kwenye jibu ni ndefu kidogo. Inapita Marekani, kwenye madarasa ya picha ya haiskuli, kwa sababu huko ndiko filamu nyingi tulizotumia zilipopikwa, na huko upigaji picha ni somo la darasani kama yalivyo mengine.

Haiskuli nyingi za Marekani zina somo la picha. Ni la kuchagua, linakaa idara ya sanaa pamoja na uchoraji na ufinyanzi. Zamani, kabla ya dijitali, moyo wa somo ulikuwa chumba cha giza, na kamera ya mwanafunzi mara nyingi ilikuwa Pentax K1000. Hii kamera ilitoka 1976, ikatengenezwa mpaka 1997, zaidi ya milioni 3 zikauzwa. Haikuwa na otomatiki hata kidogo. Betri yake ilikuwa ya kipima mwanga tu, ikifa kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Hukupiga picha kabla hujaamua mambo mwenyewe: tundu la lenzi lifunguke kiasi gani, mlango wa mwanga ubaki wazi kwa sehemu gani ya sekunde, umlenge nani awe wazi na nani afifie. Ukikosea, umekosea wewe. Kamera haikukuficha.

Na kosa lenyewe hulioni leo. Unamaliza kwanza mkanda, picha 24 au 36. Unaingia kwenye giza totoro, unauviringisha mkanda kwa kupapasa, unaufungia ndani ya tangi, unamwaga dawa, unahesabu dakika. Ukikauka unachagua negativu moja, unaiweka kwenye mashine ya kukuzia, unaangaza karatasi. Hapo sasa taa nyekundu inaruhusiwa, kwa sababu karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haiuoni mwanga mwekundu. Karatasi inazama kwenye trei ya kwanza na picha inaanza kuibuka polepole kutoka kwenye weupe mtupu. Trei ya pili inanuka siki, hiyo inasimamisha dawa ya kwanza isiendelee kuunguza. Ya tatu inaituliza picha isije ikafutika ukiwasha taa. Kisha maji. Sisi kwa Kiswahili tukaita kazi yote hii kusafisha picha, na mimi naona ni jina zuri kuliko la wenye kamera wenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka picha moja nzuri alitumia pengine wiki nzima. Alikuwa na daftari la kuandika kila picha aliipigaje, la sivyo akiona kosa hatajua lilitokea wapi. Kila kosa lilikuwa na bei ya filamu, karatasi na dawa, na dawa yenyewe huwezi kuimwaga ovyo maana iliyotumika inabeba madini ya fedha kutoka kwenye filamu. Ndiyo maana somo hili lilikuwa la shule zenye bajeti. Shule isiyo na chumba cha giza, isiyo na mfumo wa kutoa hewa chafu, ilibaki na penseli na rangi za maji.

Sasa turudi kwa Shati, maana hapa ndo kuna kitu ambacho hata hizo shule tajiri hazikukisema kwa sauti.

Filamu ya rangi siyo kioo. Ni kemikali, na kuna watu walikaa maabara wakaamua kemikali hizo zipendelee rangi zipi. Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye mwanamke mmoja, ili fundi aweke mashine yake sawa. Rangi ya ngozi ya yule mwanamke ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Kadi hizo zilikuja kuitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa mwanzo aliyepigwa, na kwa miaka mingi Shirley alikuwa mzungu. Mabinti walibadilika, jina likabaki, weupe ukabaki.

Matokeo yake yakaonekana wapi kwanza? Shuleni! Marekani ilipoanza kuchanganya watoto weusi na weupe darasa moja, picha za darasa zikaanza kuleta malalamiko. Watoto wa kizungu wametoka safi, watoto weusi waliokaa benchi hilohilo wamegeuka vivuli vyenye macho na meno. Wazazi wao walilalamika. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyefuatilia habari hii kwa miaka, alizungumza na watu waliokuwa Kodak, na alichoambiwa kinauma kidogo: waliofanya kampuni ihangaike kweli na rangi za kahawia walikuwa wateja wa matangazo, watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, waliolalamika kwamba chokoleti nyeusi na chokoleti ya maziwa zinafanana kwenye picha. Akina mama walisema, hawakusikilizwa. Chokoleti ilisema, ikasikilizwa. Kadi yenye wanawake watatu, mzungu, mweusi na wa Asia, ilikuja miaka ya 1990.

Kwa hiyo filamu na mashine zilizomsafisha Shati 2005 zilikuwa na historia hiyo nyuma yake. Lakini nisidanganye, hilo halikuwa kosa lote. Kosa kubwa zaidi siku ile lilikuwa jingine, na hilo lingejulikana kwa yeyote aliyekaa darasa la picha mwezi mmoja. Nitalifikia.

Kwanza dijitali ilivyoingia.

Picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta ilikuwa ya mtoto mchanga. Mwaka 1957 mhandisi Russell Kirsch, wa ofisi ya viwango ya serikali ya Marekani, alichukua picha ya mwanawe Walden wa miezi mitatu na kuipitisha kwenye mashine waliyoiunda. Ikatoka na nukta 176 kwa 176, kila nukta ama nyeusi ama nyeupe, hakuna katikati. Hiyo ni chini ya nukta 31,000. Simu yako ya bei rahisi kabisa leo inapiga mamilioni.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kijipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme unaohesabika, kazi iliyowapa Nobel miaka 40 baadaye, 2009. Na Desemba 1975, kijana wa miaka 25 pale Kodak, Steven Sasson, akaunganisha kijipande cha aina hiyo na lenzi ya kamera ya sinema, betri 16 na kaseti. Ndiyo, kaseti kama za muziki. Dude lilikuwa na kilo karibu 4, linapiga nukta 100 kwa 100, na linatumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mtu wa kwanza kupigwa alikuwa fundi wa maabara, binti. Picha ikaonekana kwenye televisheni: nywele zake zinatambulika, uso ni fujo tupu. Ilibidi wabadilishe waya kwanza. Wadau, mnaona? Kamera ya dijitali ya kwanza nayo ilianza kwa kupoteza sura ya mtu.

Mabosi wakamsikiliza Sasson, wakauliza kwa nini mtu atake kutazama picha zake kwenye televisheni, na mambo yakaenda taratibu. Mwaka 1991 Kodak wakatoa kamera ya dijitali ya waandishi wa habari, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3, bei karibu dola 20,000, na diski yake unaivaa begani kama pochi. Hakuna shule ingeinunua hiyo.

Kilichofungua mlango wa shule kilikuwa kidogo na kibovu. Mwaka 1994 Apple wakatoa QuickTake 100 kwa dola 749. Inashika picha 8 tu ukitaka ubora, na nyuma haina kioo cha kutazamia. Ukiangalia leo unacheka. Lakini mwalimu anayesimamia kitabu cha mwaka, kile kinachobeba picha za wanafunzi wote, aliona kitu kingine: picha inayotoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta bila kupita kwenye trei yoyote. Halafu 1997 Sony wakaleta Mavica iliyoandika picha kwenye diski za flopi, zilezile za kompyuta za shule. Huhitaji waya wala programu. Unachomoa flopi kwenye kamera, unaichomeka kwenye kompyuta, picha hiyo hapo. Mavica ikapendwa sana shuleni, na sababu ni rahisi: hukuhitaji fundi.

Ilikuja wakati muafaka. Mwaka 1994 ni asilimia 35 tu ya shule za umma za Marekani zilizokuwa na intaneti, 1999 ilikuwa asilimia 95. Kompyuta zilikuwa zinamwagwa madarasani kwa kasi hiyo, na kamera ikawa kitu cha kuzipa kazi. Photoshop ilikuwa imeshatoka tangu 1990. Chumba cha giza kikahamia kwenye kioo cha kompyuta, na hakinuki siki.

Lakini kwa somo lenyewe la sanaa, walimu wengi waling'ang'ania filamu bado. Na walikuwa na hoja. Picha za Mavica zilikuwa za kubandika kwenye tangazo la ubao, siyo za kutundika ukutani. Kilichovunja ubishi ni mambo mawili yaliyofuatana. Agosti 2003 Canon wakatoa kamera ya lenzi za kubadilisha, ya megapikseli 6.3, kwa bei chini ya dola 1,000, na ile ngazi kati ya kamera ya mwanafunzi na kamera ya mtu wa kazi ikafupika ghafla. Kisha Juni 2005 Kodak wakatangaza kwamba wanaacha kutengeneza karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Karatasi yenyewe, ile ya kwenye trei! Kampuni nyingine ziliendelea kuitengeneza, na vipo vyumba vya giza vya shule vinavyofanya kazi mpaka leo, lakini mkuu wa shule aliyekuwa anatafuta sababu ya kugeuza chumba kuwa stoo alikuwa ameipata. Kodak wenyewe Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kampuni iliyozaa kamera ya dijitali ikaja kuangushwa nayo.

Sasa darasani nini kilibadilika? Watu hudhani jibu ni "ikawa rahisi". Mimi naona hadithi siyo nyepesi hivyo.

Kilichoondoka ni bei ya kosa. Mwanafunzi wa filamu alikuwa na nafasi 36, kwa hiyo alikuwa anatazama mara kumi ndipo anabonyeza mara moja. Wa dijitali anabonyeza mara 400 ndipo anaanza kutazama, tena nyumbani, amechoka. Kuna walimu waliojua kuligeuza hilo: unapewa kamera ya dijitali, lakini unarudi na picha 36, hata moja ya 37 hairuhusiwi. Wengine wanaziba kioo cha nyuma kwa utepe ili usichungulie mpaka urudi darasani. Ukisikia unaona ni ukoloni. Mimi nimejaribu mwenyewe na simu, picha 36 kwa wiki moja, na siku ya tatu niligundua nilikuwa natazama kivuli cha mlingoti wa umeme kwa dakika mbili nzima kama mtu aliyepotelewa na hela. Jaribuni.

Kilichokuja ni ukweli. Lile daftari la kuandika mipangilio likafa, kwa sababu kila faili la picha linajiandikia lenyewe: saa, tundu la lenzi, kasi, hisia ya mwanga, wakati mwingine mpaka mahali. Mwanafunzi akisema "kamera mbovu", mwalimu anafungua faili, linamsemea. Na pale nyuma ya kamera kuna mchoro mdogo kama milima, unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani. Ukirundikana wote kushoto, kuna kitu kimezama kwenye weusi. Hapo ndipo kosa linaonekana papo hapo, mtu akiwa bado amesimama mbele yako, na unaweza kurudia.

Laiti mpiga picha wetu wa mahafali angekuwa na huo mchoro.

Maana zoezi lenyewe ni hili, na kwenye darasa la picha linakuja mapema sana. Mwalimu anatundika shuka jeupe, anasema piga, lijaze picha yote. Kisha anatundika kitambaa cheusi, piga vilevile. Darasa linatazama matokeo na kuduwaa: vyote viwili vimetoka kijivu. Shuka siyo jeupe tena, kitambaa siyo cheusi tena. Kwa nini? Kwa sababu kipima mwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Kinadhani dunia yote, ukiichanganya, ni ya kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi kinasema "mwanga umezidi" na kinapunguza. Kikiona weusi mwingi kinaongeza.

Sasa rudi mbele ya bwalo. Mashati meupe mistari mitatu, ukuta umepakwa chokaa, jua la saa saba. Kamera ya otomatiki ikaona weupe, ikasema mwanga umezidi, ikapunguza kila kitu. Mashati yakatoka yanapendeza. Watu weupe kidogo wakatoka kama weusi wa kawaida. Shati, ambaye ni mweusi kuliko sisi sote na juu ya hapo jua lilikuwa linamtupia kivuli cha paji la uso machoni, akazama kwenye sehemu ya filamu ambayo haikushika chochote. Ile kamera ilimpima shati lake, haikumpima yeye. Tiba yake ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili juu ya ile ambayo kamera imechagua, au kuwasogeza watu wote kwenye kivuli cha mwembe uliokuwa hatua 20 kutoka pale. Mwembe ule naukumbuka. Tulikuwa tunakula chini yake.

Simlaumu yule mpiga picha. Kwetu huku kazi hii watu wamejifunza studio kwa kukaa na fundi, au kwa kurithi. Pale Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kazi ikapita kwa mwanawe. Lakini pia tunao mfano wa upande mwingine. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943, alianza kamera akiwa bado mwanafunzi hapahapa Dar es Salaam, na 1963 akaanzisha Camerapix Dar akiwa hajafika hata miaka 21. Picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ndizo zilizoamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Comoro. Mtu wa aina hiyo alianza na kamera ndogo ya mtoto wa shule.

Leo mtoto wa shule ana kamera bora kuliko zote alizokuwa nazo Amin utotoni, na akiingia geti la bweni inachukuliwa. Simu marufuku. Najua sababu zake, nimesoma huko, nakubali nusu. Hata Marekani wameanza kuzibana, Florida ilipitisha sheria 2023 ya kuzuia simu wakati wa vipindi. Tofauti ni kwamba wao wakichukua simu, kabatini kuna kamera za somo. Kwetu simu inachukuliwa na kabati ni tupu. Halafu huyohuyo mtoto anamaliza kidato cha nne, anarudishiwa simu, na ndani ya wiki moja anapiga picha za watu, anaziposti, anazifuta, anazijutia, bila mtu hata mmoja kuwahi kumkalisha chini na kumwambia picha inaamuliwaje na ni ya nani. Tanzania imeanzisha mkondo wa amali sekondari tangu 2024, Kenya nao wameweka njia ya sanaa na michezo kwenye sekondari ya juu. Sasa kamera nne kuukuu za dijitali, zile ndogo ambazo watu wamezitupa kwenye droo tangu wanunue simu, zinatosha kuanzisha klabu ya picha. Hazipigi simu wala hazina WhatsApp, kwa hiyo hata mwalimu wa nidhamu hana neno.

Na msidhani simu imemaliza tatizo la Shati. Imelificha tu. Ukibonyeza leo, simu inapiga picha kadhaa kwa mkupuo, inazichanganya, inatafuta sura, inaipandisha mwanga, inailainisha, halafu inakupa kitu kimoja kama vile ndicho kilichokuwepo. Mara nyingi inapatia. Mwaka 2021 Google walitoka hadharani na simu ya Pixel 6 wakitangaza kwamba wameirekebisha ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo, maana yake walikiri kwamba kabla ya hapo haikuwa inatoka kama ilivyo. Na zile filta za urembo zinazokung'arisha bila kuulizwa, mmeshaziona. Shirley hajafa, kahamia kwenye programu.

Ndiyo maana haiskuli za huko zinaendelea kufundisha uamuzi. Mtahiniwa wa sanaa kwenye mitihani ya AP anapeleka picha 15 za uchunguzi mmoja alioufuata kwa muda mrefu, zikionyesha alivyojaribu na alivyobadilisha mawazo, pamoja na kazi 5 alizozichagua. Kutumia akili bandia kutengeneza kazi hizo ni marufuku kabisa.

Mwezi uliopita nilikutana na Shati Mwenge. Sasa ni baba wa watoto wawili, ana tumbo. Alikuwa kavaa tisheti nyeupe, kasimama kibarazani, nyuma yake barabara inawaka jua. Nikampiga moja bila kugusa kitu: barabara safi, yeye kivuli. Nikagusa uso wake kwenye kioo, kale kajua kakatokea pembeni, nikakapandisha juu kwa kidole. Barabara ikafifia ikawa nyeupe, tisheti ikapoteza mikunjo, na yeye akatokea, mpaka kale kakovu ka nyusi alikokapata kwenye mechi ya fomu mbili. Akaishika simu yangu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema nimtumie, anataka kumpelekea bi mkubwa. Nilimtumia kama faili, maana WhatsApp ukiituma kawaida inaibana.

Na wewe, ya kwako ya mahafali ilitokaje? Shusha hapo chini tuione. Ambao walipigwa chini ya mwembe, mkae kimya.